Maswali Yenu kwa Mafundi: Kodi ya Simu Ikibadilika

Barua za safari hii ni za kodi ya simu. Ile ya kupigia, yaani tarakimu za eneo zinazotangulia namba, si ile ya TRA, Mamlaka ya Mapato. Kwa wasomaji wageni: 027 ndiyo kodi ya simu za mezani kwa Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Tanga. Waliokuwa na simu miaka ya 1990 wanakumbuka Moshi ikiwa 055 na Arusha 057. Mabadiliko ya namna ile hutangazwa mapema na huja na kipindi cha mpito, ambapo kodi ya zamani na mpya zote zinaita. Wengi huutumia muda huo kupumzika, kisha siku ya mwisho simu zinakatika na kila mtu anamtafuta fundi mmoja.

*Tuna hoteli ya vyumba 24 hapa Shanty Town, Moshi, yenye swichibodi na laini nne za mezani. Kodi ikibadilika, fundi aguse nini hasa? Tukimuuliza anasema "ni dakika tano tu."*

Dakika tano ni za kubadilisha. Kujaribu ndiko kunakokula nusu siku, na asiyejaribu hajafanya kazi.

Swichibodi, yaani mtambo unaounganisha simu za vyumbani na laini za nje, inasoma tarakimu mojamoja kadiri mgeni anavyobonyeza, na kila hatua inaangalia majedwali yake. La kwanza kuharibika ni jedwali la vizuizi. Hoteli nyingi huruhusu vyumbani simu za mjini na kodi chache za ndani ya nchi, na kuzuia zilizobaki ili bili isipande. Kodi mpya haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo swichibodi inaichukulia kama simu iliyozuiwa na kuikata. Mgeni anasikia mlio wa "bize" na kudhani mtandao ni mbovu. Anashuka mapokezi, dada wa mapokezi anapiga namba ileile, inaita! Hiyo ni kwa sababu simu ya mapokezi haina kizuizi. Ndiyo maana majaribio ya mapokezi peke yake hayana maana. Fundi apande chumbani.

Jedwali la pili ni la idadi ya tarakimu. Namba zetu za mezani zina tarakimu kumi: sifuri, mbili za kodi, saba za mteja. Kama mabadiliko yanaongeza tarakimu, swichibodi iliyofundishwa kuhesabu kumi itatuma kumi na kuitupa ya kumi na moja. Dalili yake ni kwamba kioo cha simu kinaonyesha namba kamili na sahihi, lakini sauti inasema namba hiyo haipo. Kwa laini zinazopita kwenye intaneti kuna dalili nyingine: unabonyeza namba yote, kimya cha sekunde kadhaa, ndipo inaita. Mpangilio wa zamani haujui namba mpya inaishia wapi, kwa hiyo unangoja kuona kama utaongeza tarakimu. Wageni hukata simu katika kimya hicho.

Kisha kuna programu ya bili. Kodi isiyoifahamu huitoza sifuri, au huitoza kama simu ya kimataifa, na vyote viwili vitakuletea ugomvi siku mgeni anapotoka. Kuna pia namba za mkato zilizohifadhiwa (daktari, teksi, kampuni ya maji), na namba unayoionyesha kwa unayempigia. Hii ya mwisho husahaulika sana: laini ya intaneti ikituma namba yako ya zamani baada ya mpito kwisha, mtoa huduma anaweza kuikataa simu yenyewe. Na kama mna lifti, simu ya dharura iliyomo ndani ina namba yake iliyofungiwa humo. Fundi wa swichibodi haigusi. Mwite wa lifti.

Kabla ya yote, fundi anakili mpangilio wote wa sasa kwenye flashi na kukuachia, pamoja na neno la siri la kuingilia. Liandikwe na kufungiwa kabatini kwa meneja. Swichibodi nyingi mjini zina neno la siri linalojulikana na mtu mmoja aliyeshahama mji.

Majaribio: kutoka chumba kimoja cha kila ghorofa, piga simu ya mezani ya Moshi, ya Arusha, ya Dar es Salaam (022), kisha namba moja ya kila mtandao wa mkononi. Halafu mtu apige kutoka nje kwa mkononi, mara moja kwa kodi ya zamani na mara moja kwa mpya, kwa kila laini katika zile nne, si ile ya kwanza tu.

Mkiwa humohumo, angalieni namba ya dharura, 112. Haiguswi na kodi ya eneo, lakini hoteli zina ugonjwa wake: chumba namba 112 kikiwa na simu ya ndani namba 112, mgeni anayeita polisi usiku anamwamsha jirani wa ghorofa ya kwanza. Badilisheni namba ya ndani ya chumba hicho. Msiwasumbue polisi kwa simu za majaribio. Inatosha kuona kwenye jedwali kwamba 112 inapita hata bila ile tarakimu inayobonyezwa kwanza ili kupata laini ya nje.

*Kampuni yetu ya utalii iko Njiro. Mteja wetu wa Marekani anasema eneo lake linaongezewa kodi mpya. Tuna wateja zaidi ya elfu mbili kwenye Excel. Tubadilishe zote?*

Hapana, kaka, usiguse kwanza. Kuna mabadiliko ya aina mbili. Eneo likigawanywa, upande mmoja hupewa kodi mpya na namba za watu zinabadilika. Ila Marekani siku hizi hutumia zaidi njia ya pili, yaani kodi mpya inawekwa juu ya eneo lilelile: wenye namba za zamani wanabaki nazo, wateja wapya wanapewa mpya. Kinachobadilika ni kwamba wenyeji hawawezi tena kupigiana kwa tarakimu saba, wanapiga kumi. Wewe uliye Arusha tangu mwanzo unapiga +1 na tarakimu zote kumi, kwa hiyo kwako hakuna jipya.

Tarehe 24 Oktoba 2021 maeneo ya huko yenye jumla ya kodi 82 yalilazimishwa kupiga tarakimu kumi bila hata kodi mpya kuongezwa. Sababu ilikuwa 988, namba ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, iliyoanza Julai 2022. Kwenye maeneo hayo zilikuwepo namba za kawaida zinazoanza na 988, na mtambo usingejua kama mpigaji amemaliza au bado anaendelea.

Ila faili lenyewe tulitilie shaka. Excel ikiona 027 mwanzoni mwa seli inadhani ni hesabu, inafuta sifuri. Ichague safu nzima, iweke kuwa "Text", ndipo uandike. Namba zote ziwe na alama ya kujumlisha na kodi ya nchi: +25527 na kuendelea, bila sifuri wala nafasi. Na siku utakapobadilisha kodi kwa mkupuo, usitumie "tafuta na badilisha" kwa 027 peke yake, kwa sababu itaikamata pia namba ya mkononi yenye 027 katikati na kuiharibu kimyakimya. Tafuta +25527, ambayo haiwezi kukaa pengine ila mwanzoni.

*Nina duka la vifaa vya ujenzi Majengo, Moshi. Bango, mhuri, vitabu vya risiti, milango ya gari, vyote vina namba. Nianze na kipi?*

Mama, anza na usivyoviona: taarifa zako TRA, leseni ya biashara, benki, na ramani ya Google ambako wateja wanakutafuta. Hivyo havina gharama ya rangi. Kichwa cha risiti ya mashine ya EFD usihangaike nacho. Mpigie wakala aliyekuuzia.

Vitabu vya risiti agiza vya miezi mitatu tu kuanzia tangazo linapotoka, hata kama mchapaji anakupunguzia bei ukichukua vingi. Mhuri uchongwe mpya. Kwenye mlango wa gari usibandike stika ya tarakimu tatu juu ya kodi ya zamani: rangi ya pembeni imeshapigwa jua miaka, na kiraka kitaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Bandua namba nzima kwa kikausha nywele, taratibu, futa gundi kwa mafuta ya taa kidogo, osha kwa sabuni, kausha, ndipo ubandike upya. Bango liwe la mwisho, mpito ukikaribia kwisha, maana linasomwa na wapita njia na wengi wao watakuja kwa miguu.

Kama WhatsApp ya duka imesajiliwa kwa namba ya mezani, tumia "Badilisha namba" ndani ya programu yenyewe. Ukiifuta na kuanza upya, makundi yote yanapotea.

*Nyumbani Sakina tuna king'ora na geti linalofunguka kwa kupigiwa simu. Vinahusika?*

King'ora kinahusika kama kinapiga simu ya mezani ya kampuni ya ulinzi. Waambie wao ndio waingize namba mpya, kisha wakiwashe mbele yako na wakuonyeshe ujumbe umefika kwao. Kisipopata namba huenda kisikwambie. Kitalia nyumbani tu, basi.

Geti linaangalia namba ya anayepiga, si anayopigiwa. Kodi ya mezani hailigusi ila kama mnalifungua kwa simu ya mezani. Lakini hakikisheni namba zenu zimehifadhiwa humo kwa +255, kwa sababu mara nyingi mtandao ndivyo unavyozituma, na vifaa vingine vya bei nafuu havijui kwamba 07 na +2557 ni mtu mmoja.

*Nimerithi daftari la simu la marehemu baba, Rau. Kuna 055, 051, 0744 na 0171 ya London. Zinapigika?*

Namba nyingi za Moshi zilikuwa na tarakimu tano zinazoanza na 5, zikatanguliziwa 27: 055-5xxxx ikawa 027-275xxxx. Za Dar es Salaam zenye tarakimu sita zikatanguliziwa 2, na 051 ikawa 022. 0744 ilikuja kuwa 0754. Ya London ilibadilika tarehe 22 Aprili 2000: 0171 ikawa 020 7, kwa hiyo piga +44 20 7 kisha zile saba zilizobaki. Hata zikiita, mzee wetu, atakayepokea huenda si yule wa daftarini.

*Nimepigiwa simu, naambiwa nitaje tarakimu sita zilizoingia kwenye ujumbe ili namba yangu "ihamishiwe kodi mpya." Nikatae?*

Kata simu. Kodi hubadilishwa kwenye mitambo na haihitaji chochote kutoka kwako. Namba iliyokupigia itume kwa ujumbe kwenda 15040.