Jini wako ana nguvu mno, mpunguzie

Mdogo wangu, nimekusoma. Riwaya yako ya majini wa Mapango ya Amboni imekwama sura ya nne, wahusika wote wanaongea kwa sauti moja, na Jini Mkuu anaweza kila kitu. Hapo kwenye "kila kitu" ndipo penye ugonjwa. Msomaji atamhofia vipi mtu asiyeweza kushindwa? Mnyime kitu: asivuke maji chumvi, au kila muujiza umfutie kumbukumbu moja. Mimi huanza na anachokitaka mhusika na anachokiogopa. Mavazi na pembe baadaye.

Sauti za wahusika kaziokote Deep Sea, soko la samaki la Tanga, asubuhi mashua zikishusha samaki. Angalia wanunuzi wanavyokataa bei: mmoja anacheka, mwingine anaapa kwa Mungu, wa tatu anajifunga kanga vizuri na kuondoka kimya. Wahusika watatu hao, bure.

Ukikosa viumbe, bahari ya Tanga ina silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. (Mimi ningempa sura nzima.)

Mapangoni usiingie bila mwongozaji, ndani ni giza na njia zinachanganya. Kuna watu huenda kutambika humo, usiwapige picha. Mganga wa mtaani kwenu pia usimchukue mzima mzima, atajitambua. Changanya watu kadhaa. Na mchapishaji akikuletea mkataba, mwanasheria ausome kabla hujatia saini.