Walihamishwa na nani? Kwa wadogo zangu mnaoanza tasnifu za distopia

Wiki hii nimesoma mapendekezo 11 ya utafiti kuhusu distopia, yaani hadithi za dunia iliyoharibika na watu wake kukandamizwa, na 7 yanaanza kwa sentensi ileile, kana kwamba mlikaa meza moja mkaigawana: "Riwaya ya distopia hutuonya kuhusu siku zijazo ambapo binadamu ataharibu mazingira na kunyanyasa jamii asilia." Nimeikata mara saba. Ya kwanza niliikata kwa upole. Ya saba kalamu ilitoboa karatasi, mnisamehe. Sentensi hiyo naijua kwa sababu niliwahi kuiandika mwenyewe, karibu kwa maneno hayohayo, na nilichokifanya baada ya kuiandika bado kinaniuma.

Mambo ya kiunzi cha nadharia, mapitio ya maandishi na upana wa pambizo mnayajua, na wasimamizi wenu watawakumbusha hadi mchoke. Mimi nina haya.

1. Tazameni kitenzi kiko wakati gani. Hiyo "-ta-" mnayoanza nayo ni ya nani? Katika The Marrow Thieves (2017) ya Cherie Dimaline, dunia imeharibika na watu wamepoteza uwezo wa kuota ndoto, isipokuwa Wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Basi wanawindwa ili uboho wa mifupa yao ukamuliwe, na wanapokamatwa wanapelekwa "shuleni". Mmoja wenu ameandika kwamba shule hizo ni "ubunifu wa kutisha". Mdogo wangu, shule hizo zilikuwepo. Kanada iliwachukua watoto wa Wenyeji kwa zaidi ya karne nzima, ikawaweka bwenini chini ya makanisa, ikawakataza lugha zao. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Dimaline, ambaye ni wa Métis, mojawapo ya jamii za Wenyeji wa Kanada, ameichukua jana ya watu wake akaiandikia tarehe ya kesho. Anza na "-li-", pitia kwenye "-na-", ndipo uifikie "-ta-".

2. Msiandike "jamii asilia" bila kusema mna maana gani. Hapa Uganda neno hilo lina maana ya kisheria. Jedwali la Tatu la Katiba ya 1995 linaorodhesha jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na humo Baganda, Acholi, Batwa na Ik wako pamoja. Mtahini akikuuliza kwa nini Muganda si "jamii asilia" katika sura yako ya tatu, utajibu nini? Aya moja tu inatosha kueleza kwamba unawazungumzia watu walionyang'anywa ardhi iliyobeba maisha yao yote, tena wakiwa wachache wasio na wa kuwasemea. Iandikeni.

3. Neno "hifadhi" lisipite hivihivi. Wanne kati yenu mmetafsiri "Reservation", ile sehemu ya New Mexico katika Brave New World ya Aldous Huxley (1932) kuwa "hifadhi", mkaendelea na safari. Rudini hapo, maana mmepita juu ya dhahabu. Kwa Huxley, watu wamefungiwa ndani ya hifadhi kwa uzio wa umeme wa volti 60,000, na chini ya nyaya kuna mifupa ya wanyama waliougusa. Kwetu Bwindi na Mgahinga, misitu ya kusini-magharibi mwa Uganda, Batwa walioishi humo walifungiwa nje ya hifadhi. Leo mgeni asiye mkazi hulipa dola 800 kwa kibali cha kuwatazama gorila wa milimani mahali ambapo mtoto wa Mtwa hawezi kuingia kuchuma dawa apendavyo. Lugha yetu inatumia neno moja kwa mbuga, kwa kabati la nyaraka, na kwa dua tunayomwombea msafiri: Mungu akuhifadhi. Nani anahifadhiwa, dhidi ya nani? Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu, na nashangaa kwamba mnaitupa kila mwaka.

Msisahau pia kumhoji Huxley mwenyewe. Anaulaani uzio, lakini watu wa ndani ya uzio karibu hawasemi lolote. Anayepewa maneno ni John, ambaye mama yake alitoka upande wa pili, na kijiji chenyewe hakimkubali.

4. Mkiandika kauli ya kutendwa, malizieni na "na". "Batwa walihamishwa mwaka 1991 ili kuwalinda gorila." Nimeikuta sentensi hiyo katika mapendekezo matano. Walihamishwa na nani? Gorila hakutoa amri. Mwaka 1991 Bwindi na Mgahinga zilitangazwa kuwa mbuga za taifa, na dola ndiyo iliyotangaza. Tazameni Ursula K. Le Guin katika The Word for World Is Forest (1972): wakataji miti wana majina na vyeo, wana makao makuu yanayowapa amri, na shehena ya mbao ina mahali inapokwenda. Huwezi kuimaliza hadithi ile ukadhani msitu ulijikata.

Kwenye hiyo "na nani" ndipo nilipoanguka mimi. Nilikuwa mwaka wa pili wa uzamili, 2014. Sura yangu ya nne ilikuwa ilinganishe riwaya mbili na ushuhuda wa watu walio hai. Nikapanda basi la usiku hadi Kisoro, karibu na Mgahinga, nikiwa na kinasa sauti cha kuazima, na kule nikampata kijana mmoja mkalimani aliyejua Kifumbira na Kiswahili, aliyekuwa akitafuta kazi ya kuongoza watalii. Akanipeleka kwenye makazi juu ya barabara, nyumba ndogo sita au saba za mabati. Mama mmoja mjane alitupokea. Alikaa juu ya dumu la maji lililoinamishwa, akimenya viazi mviringo vidogo ambavyo mwanawe alilipwa baada ya kulima shamba la jirani, akazungumza karibu saa mbili bila kuacha kumenya.

Alianza na asali, na mahali baba yake alipokuwa akitega mitego. Nikafurahi mno, nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hayo. Lakini upesi akahama. Alisema kiwanja alichojengewa si chake na hana karatasi yoyote, na mwenye ardhi akibadili mawazo ataondoka tena. Alizungumzia karo. Kisha akasimamisha kisu, akaniuliza, kupitia mkalimani: "Mwalimu, wewe unatoka Kampala. Ile kesi yetu imefika wapi?"

Kesi gani? Sikuijua. Shirika la Batwa wenyewe lilikuwa limepeleka shauri Mahakama ya Katiba mwaka uliotangulia, na mimi, mtafiti wa unyanyasaji wa jamii asilia katika fasihi, sikuwahi kuisikia. Na sikusema kwamba sijui. Nilitikisa kichwa kama mtu anayetafakari, nikasema, "Tuendelee kidogo na ile habari ya asali."

Nilipoandika mazungumzo yale yakawa kurasa 19. Katika tasnifu nilitumia ukurasa mmoja: asali, mitego, mizimu ya msitu. Kiwanja, karo na kesi nilivitupa kwa sababu "havikuhusu mada". Juu ya ukurasa huo mmoja nikajenga hoja kwamba mama yule, kama wakazi wa hifadhi ya Huxley, ni "sauti ya ulimwengu uliopita". Nikapata alama nzuri. Nilimwahidi kumrudishia maneno yake, na sikurudi.

Agosti 2021 nilikuwa ndani ya takisi, foleni imeganda, redio ikatangaza kwamba Mahakama ya Katiba imeamua: Batwa waliondolewa katika ardhi yao bila kutendewa haki, na suala la nini wapewe lipelekwe Mahakama Kuu. Nilifika nyumbani nikaitafuta ile rekodi. Dakika ya 41 swali lake lipo. Kinafuata kimya, kisu kimetulia, kuku wanasikika. Halafu sauti yangu, changa na yenye haraka, ikiuliza asali.

Mwaka uliofuata nilirudi Kisoro na rekodi kwenye kadi ya simu. Alikuwa amehamia kiwanja kingine, macho yake yamepungua, lakini alinitambua kwa sauti. Mjukuu wake wa shule ya msingi akaweka simu mapajani mwa bibi, tukasikiliza. Hatukumaliza dakika kumi kabla hajainua mkono. Palepale mwanzoni yeye anasema neno moja la Kifumbira, na mkalimani wangu anatafsiri "tuliondoka". Mama akamwambia mjukuu, mjukuu akaniambia: bibi hakusema tuliondoka. Amesema walitufukuza. Yule kijana alikuwa akitafuta kazi mbugani, akalilainisha neno, nami nikaandika aya tatu kuhusu huzuni ya "kuondoka".

Wadogo zangu, ndiyo maana nakuwa mkali. Riwaya ya Dimaline inawalaani watu wanaokwenda kuchukua kilicho ndani ya mifupa ya wengine na kuacha kingine chote. Niliifundisha miaka mitatu kabla ya kukumbuka dakika ya 41.

5. Kwa hiyo: mkalimani zaidi ya mmoja. Rekodi isikilizwe upya na mtu wa tatu. Kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia kianze kufuatiliwa mapema, si wiki ya safari. Mtu akikuuliza jambo usilolijua, sema hujui, kisha ulitafute umjibu. Na kabla ya kwenda popote, soma hukumu: ya Batwa ya 2021, na ile ya Mahakama Kuu ya Mbale ya 2005 iliyowatambua Wabenet kuwa wenyeji wa kale wa Mlima Elgon.

6. Mazingira si mandhari. Acheni kuyaweka kwenye kijisehemu cha "mandhari" baada ya wahusika. Kwa watu wa msituni katika hadithi ya Le Guin, neno la dunia ndilo neno la msitu. Ukiukata umekata sarufi yao. Mnaotaka kazi ya karibu na nyumbani, tazameni filamu Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu: vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya kuta, mkojo na jasho vinachujwa vinywewe tena, mimea imebaki makumbusho, na ndoto inazimwa kwa kidonge. Kwa Kahiu ndoto inazimwa, kwa Dimaline inaibwa. Sijaona hata mmoja wenu akiziweka filamu na riwaya hiyo upande kwa upande, na ningefurahi sana kuisoma tasnifu hiyo. Wazazi wenu wanaikumbuka 2007, watu walipoandamana Kampala kupinga takriban hekta 7,000 za msitu wa Mabira kugeuzwa mashamba ya miwa. Waulizeni walikuwa wakiogopa nini.

Na wewe wa Kapchorwa, kule Mlima Elgon, unajijua. Katika rasimu yako ya kwanza kulikuwa na aya kuhusu bibi yako kuchunga ng'ombe juu mlimani, na siku waliposhushwa. Katika rasimu ya pili haipo. Pembeni umeandika kwamba "si ya kitaaluma". Irudishe kama ilivyokuwa, ongeza walishushwa na nani, uniletee Ijumaa kabla ya saa sita.