Kazi ya pesa ya msaada, kontra hakuna: tulalamike kwa nani?

SWALI

Yaya, jambo sana. Niko mu Katuba, hapa Lubumbashi. Tunatumika ku shantie ya kanivo, pesa ni ya msaada, ku pano wameandika mpaka jina ya wafadhili na bendera iko. Kapita anatulipa mukononi kila mangaribi, karatasi hata moja hatujaona, na tuko pale tangu mvua ilianza. Juzi mwenzetu jiwe ilimuponda muguu, wakamupa pesa ya taksi, kesho yake wakaweka mwingine pa nafasi yake. Tukiuliza, antrepriz inasema sisi ni watu wa sutretan (ule alipewa kipande ya kazi na antrepriz), sutretan naye anasema sisi ni jurnalie tu, watu wa kulipwa siku kwa siku. Sasa ile "kazi yenye heshima" wageni wanakujaka kuhutubia, inatuhusu ao haituhusu?

Msomaji, Katuba

JIBU

Mudogo, inakuhusu kabisa. Kama ile pesa ni ya Benki ya Dunia, tangu Oktoba 2018 masharti yake yanasema wafanyakazi wa mradi, hata wa sutretan, waelezwe kwa maandishi kazi yao, saa zao na malipo yao, na wawe na njia yao ya kulalamika. Serikali nyingi zinazotoa msaada nazo zinasema zinafuata kanuni za OIT, shirika la kazi la dunia. Kwa karatasi mambo iko muzuri.

Lakini angalia njia pesa inapitia: inatoka kwa serikali ya inje, inakuja kwa serikali yetu, inaenda ku ofisi ya mradi, kisha antrepriz iliyoshinda tenda kwa bei ya chini, kisha sutretan, kisha kapita, na kila mutu anakata yake, sasa ule wa mwisho atapunguza wapi kama si ku mufuko yako? Na raporo zinazorudi kwa wafadhili zinapenda kuhesabu siku za kazi, ati tumetoa ajira kiasi hiki, nani alikuwa na kontra wala nani aliumia haiulizwe sana. Hiyo inaniuma, juu ile ile hesabu ndiyo inapigiwa makofi.

Inawezekana lakini watu wasikilizwe. Barabara ya Bukavu–Goma ilikuwa ndani ya mradi wa Pro-Routes, pesa ya Benki ya Dunia pamoja na serikali ya Uingereza. Mwaka 2017 wakaaji wakapeleka malalamiko ku Jopo la Ukaguzi la Benki, juu ya unyanyasaji wa kingono, jeuri, na vile wafanyakazi walitendewa, na Novemba ya mwaka ule Benki ikasimamisha malipo ya kazi za ujenzi. Watu wawili tu wanatosha kuleta malalamiko pale, kama wenye mradi wamekataa kuwasikia. Ila ona, ilibidi watu waumie kwanza.

Tena msaada unaweza kukatwa siku moja. Hapa kwetu Katanga kulikuwa COTECCO, mradi wa OIT juu ya watoto wanaotumikishwa ku kobalti, ulianza 2018 kwa pesa ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Machi 2025 wizara ile ikafuta misaada yake ya aina hiyo dunia nzima. Ndiyo maana mimi nasema mushikilie kwanza sheria yetu wenyewe.

Kodi ya kazi ya 2002 inasema jurnalie akishatumika siku 22 ndani ya miezi 2, wakimuchukua tena mbele ile miezi 2 iishe, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Nyinyi munaonekana mumeshapita pale. Andikeni ku kaye kila siku muliyotumika na kiasi mulicholipwa, mupige foto ya pano (pale kuna jina ya mradi, antrepriz na misioni ya kontroli, ndiyo wale wanachunga kazi ya antrepriz), muandike barua moja mutie sahihi wote, mutu asiende peke yake juu watamufukuza. Kopi moja ofisi ya mradi, moja misioni ya kontroli, moja Enspeksio ya kazi, ofisi ya serikali, ambayo lazima ijaribu kuwapatanisha mbele ya kufika tribinali. Musikawie, deni ya mushahara inapotea kisheria kisha mwaka 1.

Mwenzenu wa muguu aende kwa munganga leo, apate karatasi yenye kusema aliumia ku kazi. Mchango wa ajali za kazi ku CNSS, kese ya serikali ya kusaidia wafanyakazi, unalipwa na mwajiri peke yake, na kama hakuwaandikisha, hiyo nayo iingie ndani ya barua.