Kuhesabu pumzi bila ya mgonjwa kushtuka
Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwalimu kakukata maksi ulipomwambia mgonjwa "sasa nakuhesabu pumzi". Mtu akijua anatazamwa, pumzi zake hubadilika bila ya kukusudia. Si kumdanganya, maana ruhusa ya vipimo vyote ushaiomba mwanzo.

Ukimaliza kuhesabu mapigo usiuachie mkono. Endelea kumshika kama vile bado unapima, macho yahamie kifuani. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima; hiyo njia ya kuhesabu sekunde 15 kisha ukazidisha mara nne, ukikosea pumzi moja ushakosea nne.

Lakini hapa kwetu Unguja, bibi kajifunika buibui na kanga juu yake, kifua utakiona wapi? Usimfunue. Ulaze ule mkono wake kifuani pake nawe bado umeushika, utahisi kinavyopanda. Mtu mzima aliyetulia huwa 12 hadi 20 kwa dakika. Kama ndo kwanza kapanda ngazi za wodi, mwache apumzike kwanza. Na andika hapo hapo kitandani, usingoje mpaka ufike kwenye meza ya manesi.