Jibu: Kwa nini meli ya kitalii iingizwe gudini?
Ndugu, umeuliza kwa nini meli ya kitalii isiyo na hitilafu itolewe majini, iingizwe gudini (kizimba kinachokaushwa maji ili meli itengenezwe), na kukosa abiria. Mimi hutengeneza mashua hapa Dunga, Kisumu. Juzi tulivuta moja ufukweni: juu ilipendeza, lakini chini ukoga umeshonana, na kisu kikazama kwenye ubao kama kwenye ndizi mbivu. Meli ya chuma nayo hugandwa na viumbe wa baharini tumboni, yaani upande wa chini ulio majini, ikawa nzito na kula mafuta mengi. Gudini husuguliwa, hupakwa rangi, rafadha (panga zinazoisukuma meli) na usukani hukaguliwa, na vile vipande vya zinki vinavyoliwa badala ya chuma hubadilishwa. Tena ni sharti la kimataifa: kwa kawaida tumbo la meli ya abiria likaguliwe nje ya maji mara 2 katika miaka 5. Mazulia mapya yanayowekwa ndani wakati huo ni ya ziada tu.