Ubuntu inayoganda Lamu: fungua mashine kwanza

Dada yangu, umesema kompyuta yako ya mezani hapo Shela inaganda kila baada ya dakika chache, na umeshaweka Ubuntu (mfumo unaoendesha kompyuta) upya mara mbili bila nafuu. Usiiweke mara ya tatu. Mfumo mpya ukiganda vilevile, mimi huishuku mashine yenyewe.

Sisi tunaishi na upepo wa chumvi. Yangu, hapa Mkomani, ilifanya vivyo hivyo. Nilipoifungua nikakuta meno ya dhahabu ya kadi ya memori (RAM, ile iliyo ndani ya mashine) yameota ukungu wa kijani. Zima, chomoa waya wa umeme, toa memori, sugua meno yake polepole kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa, rudisha mpaka usikie imebana. Kisha washa kompyuta kwa Memtest86+, programu ya kupima memori, na uiache usiku kucha. Hata kosa moja linatosha kuishuku memori.

Memori ikipita salama, rudi kwenye Ubuntu, andika kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) journalctl -b -1 -p err uone makosa ya kabla ya kuganda. Ukikuta "I/O error", yaani kosa la kusoma au kuandika data, shuku diski au waya wake, na nakili picha za watoto leo hii hii kabla ya jambo jingine lolote.