Uliza nani anakula nini kabla ya kulipia ploti

Nilinunua ploti yangu ya kwanza Joska, nje ya Nairobi, futi 50 kwa 100, kwa sababu ya vitu vya bure. Basi la kwenda kuiona lilitubeba kutoka mjini bure. Soda bure, keki bure, bikoni (alama za mpaka) bure, miche mitano bure, na kubwa kuliko zote, hati miliki bure. Jioni nilirudi Umoja nimeshaweka amana ya 50,000 na nikajiona mjanja.

Baadaye nikawa muuzaji wa ploti mwenyewe, wa kamisheni, bila mshahara. Huko ndiko nilikoona jinsi bei inavyopikwa. Mwenye mali anaandika alivyonunua shamba kwa ekari, anagawa, anaongeza faida yake. Halafu anaongeza kamisheni ya muuzaji, mafuta ya basi, na mwisho fungu la "zawadi". Ile soda nilijinunulia mwenyewe, tena kwa bei ya hoteli. Na ile ofa inayoisha Ijumaa? Mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha tarehe kwenye bango kila Jumatatu.

Tuiangalie hati ya bure, maana ndiyo inayowanasa wengi. Gharama kubwa ya kuhamisha umiliki wa ardhi ni ushuru wa stempu: asilimia 2 kwa ardhi ya mashambani, 4 kwa ya mjini. Hata ukichukua hiyo 4, ploti ya 600,000 inadaiwa 24,000. Ongeza wakili na ada ndogondogo. Sisi tulikuwa tumepakia 60,000 kwa ajili ya hati hiyo ya "bure", na wakili alikuwa wa kwetu, si wako. Mimi hilo la wakili ndilo linaloniuma zaidi. Mtu anayelipwa na muuzaji hatakesha akikutafutia kasoro kwenye hati.

Bonasi ya muuzaji ndiyo usiyoiona kabisa. Kwetu, ukiuza ploti tano kwa mwezi unaongezewa 40,000. Kuna Januari moja nilikuwa na nne, tarehe 28. Mteja akakanyaga ule udongo mweusi uliopasuka kwa jua, akaniuliza kama mvua ikinyesha gari hufika. Nikamwambia pako sawa. Aprili alinipigia simu akiwa amevua viatu, ameviweka kwapani. Tangu hapo nikisikia muuzaji ana haraka mwisho wa mwezi, namwambia nitarudi tarehe 5.

Kwa wanaonunua nyumba za ghorofa Kilimani au Ruaka kabla hazijajengwa, zawadi yenyewe huitwa kodi ya pango ya uhakika: unaahidiwa kodi ya miaka miwili, mpangaji awepo asiwepo. Kodi hiyo mara nyingi ni pesa yako inarudishwa kwa vijisehemu. Uliza majirani wa jengo lililo karibu wanalipa kiasi gani leo, na upige hesabu kwa hiyo. Hesabu ya muuzaji pia husahau KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya. Afueni ya kweli ipo hapo, kwa kuwa ushuru wa mapato ya kupangisha nyumba za kuishi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024, kwa wanaopokea kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Lakini unakatwa kwenye pesa yote unayopokea, hutoi gharama za kupaka rangi wala za mlinzi. Na siku ukiuza, ushuru wa asilimia 15 ya faida unakungoja. Ulikuwa 5 hadi mwisho wa 2022.

Aliyenifundisha swali la kuuliza ni shangazi yangu. Nilimpeleka Malaa, nikamtembeza, nikamsifia. Akasimama kando ya bikoni, akafunga leso vizuri.

"Na wewe mwanangu, unapata nini hapa?"

"Chai tu, shangazi."

"Chai ya kiasi gani?"

Nikashindwa kumdanganya. "Elfu thelathini."

"Basi ikatwe kwenye bei. Na hiyo hati yenu ya bure siitaki, nina wakili wangu."

Tulirudi ofisini akazungumza na bosi mwenyewe. Akapunguziwa 85,000, na wakili wake akaenda kuichunguza hati kwenye ofisi ya ardhi kabla hajatoa hata shilingi. Mwezi huo sikupata kitu. Nauli ya kurudi Umoja alinilipia yeye.